Kuotesha seli za misuli ya moyo kutoka seli shina: mwongozo wa anayeanza

"Seli zangu hazipigi, nifanye nini?" Swali hili hunifikia kila mwaka wa masomo unapoanza, na mwulizaji huwa yuko siku ya 12 au 13, ameshamaliza dawa zote, na anataka nimwambie aongeze nini kwenye midia, yaani kioevu kinacholisha seli. Hakuna cha kuongeza. Kosa lake lilifanyika siku tatu kabla hajaweka dawa ya kwanza, alipopanda seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine) chache mno, au nyingi mno, au zilizochoka. Nimejibu hivyo mara nyingi hadi nimeona niandike yote mahali pamoja, ili ukija na swali tuanzie mbele zaidi.

Njia ninayoieleza ni ile iliyochapishwa mwaka 2012 na Xiaojun Lian, Sean Palecek na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani. Nimeichagua kwa sababu haina mambo mengi: dawa mbili ndogo za kemikali, midia moja ya kawaida, na saa ya ukutani inayosema kweli. Kabla yake wengi walitegemea protini za ukuaji ambazo ni ghali na hubadilika nguvu kutoka kichupa hadi kichupa.

Nadharia utakayohitaji ni hii tu. Ndani ya seli kuna njia ya mawasiliano iitwayo Wnt. Ukiifungua, seli shina huanza safari ya kuwa tabaka la kati la kiinitete. Ukiifunga siku chache baadaye, sehemu kubwa yake huelekea kwenye moyo. Dawa ya CHIR99021 hufungua, IWP2 hufunga. Siku unayoweka CHIR ndiyo siku ya 0, na hesabu zote hapa chini zinaanzia hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Seli kwanza. Tumia seli shina zilizotengenezwa kutokana na seli za kawaida za mtu mzima, kwa ule ufundi alioonyesha Shinya Yamanaka kwa panya mwaka 2006 na kwa binadamu mwaka 2007. Zichukue kwenye benki ya seli inayotoa cheti cha kromosomu na uthibitisho kwamba mtoaji aliridhia. Seli za kupewa na rafiki kwenye kichupa kisicho na tarehe zitakupotezea miezi.

Vifaa:

- Kabati la usalama wa kibiolojia la daraja la pili, lililokaguliwa.
- Inkubeta ya nyuzi 37 na kaboni dayoksaidi asilimia 5.
- Hadubini inayotazama sahani kutoka chini, sentrifuji, bafu ya maji ya nyuzi 37, na hemositometa ya kuhesabia seli.
- Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri na tangi la naitrojeni kimiminika.
- Sahani za visima 6 na za visima 12.

Midia na dawa:

- Midia ya seli shina, mfano mTeSR Plus au Essential 8. Chagua moja, usizichanganye katikati ya kazi.
- RPMI 1640, ndiyo midia ya kugeuzia seli, pamoja na kirutubisho chake B-27 cha aina mbili: kisicho na insulini na chenye insulini.
- Matrigel ya kupaka sahani.
- CHIR99021, IWP2, na Y-27632 ambayo huzisaidia seli zilizotenganishwa zisife.
- Accutase na TrypLE (vimeng'enya vya kutenganisha seli), PBS (maji ya chumvi ya kuoshea) isiyo na kalsiamu wala magnesiamu, EDTA ya milimola 0.5 ya kubandua seli, seramu ya ndama, na DMSO ya kuyeyushia dawa na kugandishia seli.

Nimetaja B-27 mbili, nakuomba urudi usome tena mstari ule. Vichupa vinafanana, na ni herufi chache tu za lebo zinazovitofautisha. Insulini ikiingia kati ya siku ya 0 na siku ya 7 huzuia seli zisigeuke kuwa za moyo. Mimi huzungushia kichupa chenye insulini utepe mwekundu siku ileile kinapofika, kabla hakijaingia friza. Nilianza tabia hiyo baada ya kupoteza sahani sita kwa wakati mmoja.

Andaa dawa mapema

CHIR ya miligramu 5, ukiiyeyusha kwenye mililita 1.07 za DMSO, inakupa milimola 10. IWP2 ni sugu kuyeyuka: miligramu 5 kwenye mililita 2.14 za DMSO inakupa milimola 5, na hata hapo ipashe kwenye bafu ya nyuzi 37 hadi usione chembe. Gawa kila dawa kwenye vichupa vidogo, andika jina, nguvu na tarehe, hifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kichupa kikishayeyushwa hakirudi friza.

Midia ya kugeuzia seli: mililita 10 za B-27 kwenye chupa ya mililita 500 ya RPMI. Tengeneza chupa moja isiyo na insulini na nyingine yenye nayo. Usitengeneze nyingi, itumie ndani ya wiki mbili.

Kuhusu viuavijasumu, mimi siweki. Vinaficha uchafuzi mdogo hadi uwe mkubwa, na havimgusi maikoplazma, bakteria mdogo sana ambaye ndiye adui wa kweli. Pima maikoplazma kwa PCR kila mwezi, na kila mara seli mpya zinapoingia. Anajificha vizuri: midia inabaki safi, seli zinaendelea kuishi, ila majibu yako yote yanakuwa ya uongo.

Hatua kwa hatua

1. Paka sahani. Yeyusha Matrigel ndani ya barafu, kwenye friji, usiku kucha. Ikipata joto inaganda kama uji uliopoa na hairudi tena, kwa hiyo ncha za pipeti na vichupa navyo viwe vya baridi. Zimua kwa midia baridi kulingana na cheti cha toleo lako, paka visima, acha saa moja kwenye nyuzi 37. Kisima kilichopakwa kisikauke hata kidogo. Nyonya kioevu pale tu seli zako ziko tayari mkononi.

2. Lea seli shina vizuri. Zikitoka kwenye naitrojeni, zihamishe angalau mara mbili au tatu kabla ya kuzitumia. Badilisha midia kama mtengenezaji anavyoelekeza, zigawe zikijaa asilimia 70 hadi 80, kwa EDTA na si kwa kimeng'enya, ili zitoke kwa mafungu madogo. Seli nzuri hukaa kwa makundi yenye kingo laini, zimebanana, na kiini kikubwa ndani ya mwili mdogo. Ukiona kingo zimechanika na seli ndefu zinachomoza nje, hizo zimeshaanza kugeuka zenyewe. Usiendelee nazo.

3. Tenganisha na uhesabu. Hii ni siku ya 3 kabla ya siku ya 0. Osha kwa PBS, weka Accutase dakika 5 kwenye nyuzi 37, gonga sahani kidogo, kusanya, zimua kwa midia, zungusha kwa nguvu ya g 200 kwa dakika 5. Hesabu kwa hemositometa kwa kutumia tripani buluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu. Ndiyo, hesabu. Usiniambie "niligawa moja kwa tatu." Moja kwa tatu ya nini? (Na Accutase isikae kwenye bafu la moto kama chai kwenye chupa, joto linaiua nguvu. Itoe friji, iache ipate joto la chumba, basi.)

4. Panda sahani ya majaribio. Nitakaa hapa kwenye hatua ya 4 na ya 5, kwa sababu ndizo zinazoamua kila kitu kinachofuata.

Kila ukoo wa seli shina una hesabu yake. Idadi iliyomfaa mwenzako haitakufaa wewe, hata kama seli zimetoka benki moja. Sahani ya visima 12 ina safu tatu na nguzo nne, na hiyo ni bahati yako. Safu ya kwanza panda seli 300,000 kwa kila kisima, ya pili 500,000, ya tatu 700,000. Midia iwe na Y-27632 ya mikromola 10. Kesho yake badilisha midia, ondoa Y-27632, kisha endelea kubadilisha kila siku.

Ukishapanda, sogeza sahani mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, taratibu. Usiizungushe kama unapeta mchele, maana seli zote zitakusanyika katikati. Iache mezani ndani ya kabati dakika chache kabla ya kuipeleka inkubeta.

5. Angalia kabla ya kuweka dawa. Siku ya 0 seli ziwe zimejaa karibu kisima chote, asilimia 90 na zaidi, tabaka moja bila mashimo makubwa, lakini zisiwe zimepandana hadi zinaonekana vilima vyeupe. Ikiwa hazijafika, subiri siku moja. Ikiwa zimepita, usijidanganye, panda upya. Piga picha ya kila kisima kabla ya dawa. Picha hiyo ndiyo utakayoitafuta siku ya 12 ukitaka kujua kwa nini kisima kimoja kinapiga na jirani yake kimelala.

6. Siku ya 0, weka CHIR. Nguzo ya kwanza mikromola 6, ya pili 8, ya tatu 10, ya nne 12. Kila nguzo ina visima vitatu vya mililita 2, kwa hiyo tengeneza mililita 7 za RPMI yenye B-27 isiyo na insulini kwa kila dozi. Kutoka kwenye milimola 10 utahitaji mikrolita 4.2, 5.6, 7.0 na 8.4. Changanya kwanza kwenye mrija, usidondoshe dawa moja kwa moja kwenye kisima. Andika saa na dakika.

7. Siku ya 1, ondoa CHIR. Saa 24 kamili, si "kesho asubuhi." Aliyeweka saa 4 asubuhi aondoe saa 4 asubuhi. Utaona seli nyingi zimekufa na zinaelea, midia imechafuka, na roho itakuruka. Ni kawaida. Cha kuangalia ni tabaka lililobaki chini: likiwa bado limeshika na limefunika sehemu kubwa ya kisima, uko salama. Tikisa sahani kidogo ili wafu wainuke, nyonya, weka mililita 2 za midia ileile isiyo na insulini, bila dawa.

8. Siku ya 3, weka IWP2. Saa 72 tangu CHIR iwekwe. Kwenye kila kisima ondoa mililita 1 ya midia ya zamani na ubakize mililita 1. Ile ya zamani ina vitu ambavyo seli zenyewe zimetoa na zinavihitaji. Tengeneza mililita 13 za midia mpya na uweke mikrolita 26 za IWP2, upate mikromola 10. Ukiongeza mililita 1 kwenye kila kisima, nguvu inashuka kuwa mikromola 5, ndiyo tunayoitaka. Kabla ya kumimina, inua mrija kwenye mwanga uangalie kama kuna chembechembe. Zikiwepo, pasha tena.

9. Siku ya 5, badilisha midia yote: mililita 2 zisizo na insulini, bila dawa. Mimina pembeni mwa kisima, polepole. Tabaka katika siku hizi limelegea na linaweza kunyanyuka lote kama ngozi ya maziwa.

10. Siku ya 7, hamia kwenye B-27 yenye insulini. Kuanzia hapa badilisha kila baada ya siku 2 au 3.

11. Subiri. Mapigo ya kwanza huonekana kati ya siku ya 8 na ya 12, kwanza kona moja inashtuka, kisha vipande, kisha shuka zima linacheza kwa pamoja. Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote kwa anayeanza, kwa sababu hakuna la kufanya. Kufungua inkubeta kila saa hakusaidii.

12. Chagua kisima kilichoshinda. Siku ya 14 au 15 chukua kila kisima, tenganisha seli, zihifadhi zibaki jinsi zilivyo kwa paraformaldehaidi, zitie kingamwili inayoshika troponini T, protini ya misuli ya moyo, kisha pima kwa saitometa, mashine inayohesabu seli zilizoshikwa. Kwa hesabu yangu, asilimia 80 na zaidi ni kazi nzuri. Kupiga peke yake hakutoshi kuwa ushahidi. Kisima chenye asilimia 30 za seli za moyo kinaweza kucheza chote kwa sababu zile chache zinawavuta majirani. Idadi na dozi ya kisima kilichoshinda ndiyo utakayotumia siku zote kwa ukoo huo, hadi ubadilishe toleo la Matrigel au la B-27. Hapo unarudia jaribio, hata kama mkubwa wako wa maabara anaona unapoteza muda.

13. Safisha kwa njaa. Seli za moyo zinaweza kula lakteti, nyingine nyingi zinahitaji glukosi. Timu ya Keiichi Fukuda ya Chuo Kikuu cha Keio, Japani, ilionyesha mwaka 2013 kwamba unaweza kutumia tofauti hiyo kuzichuja. Kwenye sahani zitakazofuata ile ya majaribio, kuanzia siku ya 12 hivi, weka RPMI isiyo na glukosi, yenye B-27 na lakteti ya sodiamu ya milimola 4 (mililita 2 za mmumunyo wa mola 1 kwenye mililita 500). Acha siku 4 hadi 6 ukibadilisha kila siku ya pili, kisha rudisha midia ya kawaida. Usizidishe siku, njaa ikirefuka nazo za moyo zinaumia. Kama kisima kilichoshinda kilikupa asilimia 90, ruka hatua hii.

Kuzitenganisha na kuzihamisha

Seli shina unaweza kuzigawa na kuzikuza miezi na miezi. Seli za moyo hazigawanyiki kwa kiasi cha kukufaa, kwa hiyo kila unayoiua wakati wa kuhamisha haina mbadala. Fanya kati ya siku ya 14 na ya 20. Kadiri unavyochelewa ndivyo zinavyozidi kushikana na kuchanika.

Osha mara mbili kwa PBS isiyo na kalsiamu. Weka TrypLE iliyopata joto, rudisha inkubeta, angalia kila dakika 3. Zitaacha kupiga, zitakuwa duara, kisha zitaanza kuachia. Huchukua dakika 5 hadi 15, kutegemea umri. Pandisha na ushushe kwa pipeti ya mililita 1, mara 5 hadi 10, bila mapovu. Mabonge yaliyobaki usishindane nayo. Ongeza kiasi kilekile cha midia yenye seramu asilimia 20 kuzima kimeng'enya, pitisha kwenye chujio la mikromita 100, zungusha kwa g 200 dakika 5.

Mashapo yaliyo chini ya mrija yavunje kwa kugonga mrija kwa kidole, kisha ongeza midia. Ukiingia moja kwa moja na pipeti kwa nguvu utazipasua. Hesabu zilizo hai. Chini ya asilimia 80, kimeng'enya kilikaa mno au mkono ulikuwa mzito.

Panda kwenye visima vilivyopakwa Matrigel, midia ikiwa RPMI yenye B-27 na insulini, seramu asilimia 10 na Y-27632 mikromola 10. Kwa shuka linalopiga pamoja kwenye sahani ya visima 96, seli 50,000 kwa kisima ni mwanzo mzuri. Ukitaka kuona seli mojamoja na mistari yake, punguza sana, 20,000 hadi 30,000 kwa sentimita ya mraba. Acha sahani kwenye joto la chumba dakika 15 hadi 20 ndipo uipeleke inkubeta, vinginevyo zinakimbilia pembeni. Saa 24 baadaye ondoa seramu na Y-27632. Mapigo hurudi baada ya siku 2 au 3.

Kugandisha na kuyeyusha

Gandisha zikiwa bado changa, kabla ya siku ya 25 hivi. Seramu asilimia 90 na DMSO asilimia 10, iwe baridi, seli milioni 1 hadi 5 kwa kichupa. Weka ndani ya kasha la aisopropanoli kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, lishuke nyuzi moja kwa dakika, kesho yake hamishia naitrojeni. Usiziache wiki nzima kwenye friza ukisema utazihamisha Ijumaa.

Naitrojeni hiyo ina nyuzi 196 chini ya sifuri. Kichupa kilichoingiwa na kimiminika kinaweza kulipuka kikipata joto. Vaa ngao ya uso na glavu zake, na usifanye kazi kwenye chumba kisicho na hewa. Gesi yake haina harufu na humlaza mtu kabla hajajua.

Kuyeyusha: bafu ya nyuzi 37, takriban dakika 2, toa kikibaki kipande kidogo cha barafu. Pangusa kichupa kwa alkoholi ya asilimia 70. Hamishia seli kwenye mrija, ongeza mililita 1 ya midia tone kwa tone ndani ya dakika nzima. Wengi hukimbia hapa, na hapa ndipo nusu ya seli hupasuka, kwa sababu maji huzivamia kabla DMSO haijatoka. Baada ya hapo ongeza hadi mililita 10, zungusha kwa upole, panda kama nilivyoeleza juu. Zipe siku 2 hadi 4 kabla ya kulalamika kwamba hazipigi.

Usizidai zisichoweza kutoa

Seli hizi ni za kitoto. Zinafanana zaidi na moyo wa kijusi kuliko wako: zinapiga zenyewe bila kuamriwa, zinategemea sukari zaidi ya mafuta, vipande vya misuli yake ni vifupi kuliko mikromita 2.2 za moyo wa mtu mzima, na ile mifereji inayopenya ndani ya seli iliyokomaa hazina. Wiki nyingi za kulea, homoni ya T3, deksamethasoni na midia yenye asidi za mafuta huzisogeza mbele, lakini hazizifikishi. Ukiandika ripoti kwamba "moyo wa binadamu" uliitikia dawa hivi au vile, umesema zaidi ya ulichokiona. Na usilinganishe seli za siku ya 20 na za siku ya 40. Umri wake uandike kwenye kila sahani.

Mambo yakienda kombo

*Seli zote zimenyanyuka siku ya 1 au 2.* Dozi ya CHIR ni kubwa kwa idadi ile, au seli zilikuwa chache. Kwenye sahani ya majaribio utaona kona yenye seli chache na dawa nyingi ndiyo inayokufa kwanza. Shusha dozi au ongeza seli, kimoja kwa wakati mmoja.

*Hakuna kilichokufa, seli zimejaa tele, lakini siku ya 14 hakuna pigo.* Kinyume chake: dawa haikufika. Ama dozi ilikuwa ndogo, ama seli zilijaa kupita kiasi, ama CHIR imeyeyushwa na kugandishwa mara nyingi. Fungua kichupa kipya kabla hujabadilisha kitu kingine. Hakikisha pia hukushika B-27 yenye insulini.

*Visima vya katikati vinapiga, vya pembeni havipigi.* Angalia kama sahani imekaa sawa kwenye inkubeta na kama maji ya kwenye trei hayajakauka. Rafu iliyoinama hulundika seli upande mmoja.

*Ilikuwa inafanya kazi, sasa haifanyi.* Hesabu umehamisha seli shina mara ngapi. Zikikaa muda mrefu huokota makosa ya kromosomu. Nyongeza kwenye kipande cha kromosomu 20 kiitwacho 20q11.21 na kromosomu 12 ya ziada ni maarufu. Seli hizo hukua haraka, na mwanafunzi hufurahi kuona zinajaa mapema. Rudi kwenye kichupa cha zamani. Kisha pima maikoplazma.

*Shuka limejikunja na kunyanyuka baada ya siku ya 15.* Linapiga kwa nguvu kuliko gundi iliyoko chini. Hamisha mapema zaidi, au ongeza Matrigel.

*Midia imekuwa ya njano ndani ya siku moja.* Seli ni nyingi na zinatoa asidi. Badilisha mapema au ongeza kiasi. Ikiwa ni ya njano na ukungu juu yake, huo ni uchafuzi. Usijaribu kuokoa. Mimina dawa ya klorini hadi asilimia 10, acha dakika 30, tupa, safisha inkubeta nzima na trei ya maji, kisha waambie wenzako wanaotumia inkubeta hiyo. Kuna mtu alinyamaza kwa aibu, na wiki mbili baadaye tulikuwa wanne tunaomwaga.

*Umeme umekatika.* Usifungue mlango. Inkubeta iliyofungwa hushika joto kwa muda, iliyofunguliwa hupoteza lote kwa dakika. Ukirudi, angalia kaboni dayoksaidi kwanza, joto baadaye.

*Zilikuwa zinapiga ndani, nimezitoa nimezipeleka kwenye hadubini zimeacha.* Hizi hazijafa. Zimepata baridi, na midia imepoteza kaboni dayoksaidi. Nimeona sahani nzuri kabisa ikimwagwa kwenye sinki kwa sababu hii. Irudishe inkubeta, subiri dakika 15, washa kipasha joto cha meza ya hadubini kifike nyuzi 37 kabla hujaitoa tena, kisha tazama.